Ini Dogo Kichwani: Kiswahili na Safari ya Dawa Ubongoni

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa mgonjwa anayeona haya kuyasema yanayomsibu. Makala haya yananuia kuigeuza na kuielekeza kwetu sisi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Yapo maradhi ambayo mgonjwa hayafichi, bali yeye ndiye anayefichwa; na kinachomficha ni lugha. Huketi mbele ya daktari, yakasemwa yote yatakayompata atakapomeza dawa, kisha akatoka chumbani mle hajui lolote isipokuwa idadi ya vidonge na rangi yake.

Nitaanza na kisa kilichonifika mwenyewe. Nilizaliwa Majengo, mjini Meru. Asiyeifahamu Majengo yetu na aikumbuke Majengo nyingine yoyote ya miji ya Kenya, kwani jina hilo limeenea pwani na bara, na majirani zetu wa Embu wanayo yao. Ni mtaa ambamo Mmeru, Msomali na Mborana huamkiana kwa Kiswahili kabla ya kila mmoja kuingia kwake na kuzungumza lugha ya mamaye. Ni mtaa pia ambamo miraa si habari ya kushangaza. Kutoka milima ya Nyambene, kule Igembe na Tigania, vibunda vilivyofungwa kwa majani ya mgomba hushuka vingali na umande. Na kutoka Mbeere, katika Kaunti ya Embu, huja muguka, ambao huliwa majani yake badala ya maganda ya vijiti.

Miaka kadhaa iliyopita mjomba wangu alishikwa na huzuni isiyokwisha baada ya kufiwa na mkewe. Usingizi ulimtoroka, chakula kikamshinda, na kazi yake ya udereva akaiacha. Nikamsindikiza hospitalini. Daktari alimpa amitriptilini, vidonge vya kumezwa usiku, kisha akanigeukia mimi na kuzungumza Kiingereza, maana alikuwa ameambiwa kuwa mimi ni msomi. Akaniagiza nimweleze mzee kwamba dawa ile na miraa havipatani, akataja na vimeng'enya, akataja ini, akataja ubongo. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Tulipoketi nje kwenye benchi mjomba aliniuliza, "Amesemaje, mpwa wangu?"

"Amesema usichanganye dawa na miraa, mjomba."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo ulimi uliponing'ang'ania. Nilikuwa na shahada ya kwanza ya Kiswahili. Ningeweza kumfafanulia mjomba vina na mizani, takriri na tashihisi. Kumweleza ni kwa nini majani aliyokuwa akiyatafuna tangu ujana wake yangegombana na kidonge kidogo cheupe, hilo sikuliweza. Nikamjibu, "Kwa sababu daktari amesema."

Mjomba alinyamaza kwa heshima. Wiki mbili baadaye, kinywa kilipokauka na kizunguzungu kilipomzidi, alitupa kimoja kati ya vile viwili. Alitupa vidonge. Nilipomuuliza, alinijibu kwa mantiki ambayo mpaka leo sijaweza kuipinga: "Miraa naijua tangu nikiwa kijana. Hivi vidonge vyenu sivijui." Msimu mzima wa mvua ulipita akiwa amelala kifudifudi, hadi muuguzi mmoja kijana alipomketisha, akamweleza kwa lugha aliyoielewa, naye akairejelea dawa. Hospitali siitaji, kwa sababu kosa halikuwa la hospitali peke yake. Lilikuwa langu pia, na nathubutu kusema kuwa lilikuwa la taaluma yetu.

Je, ningemwambia nini mjomba siku ile? Msomaji na aniruhusu nijaribu sasa, nijikosoe hadharani.

Ningemwambia kwamba mwili hauipokei dawa kama mgeni wa kukaa daima. Dawa ikishaingia katika damu hupitishwa kwenye ini, na humo hukutana na vimeng'enya, yaani protini zinazofanya kazi mithili ya mafundi: huishika dawa, wakaibadilisha umbo, ikawa rahisi kutolewa kwa mkojo. Jamii kubwa kabisa ya mafundi hawa huitwa saitokromu P450. Binadamu ana jeni 57 za jamii hiyo. Fundi mmoja katika jamii hiyo, aitwaye CYP2D6, hushughulikia dawa nyingi za maumivu, za moyo na za maradhi ya akili, amitriptilini ikiwa miongoni mwazo.

Ningemwambia pia kuwa mafundi hawa hawalingani kwa watu wote. Mwaka 1996 ilichapishwa taarifa kwamba takriban asilimia 29 ya Waethiopia waliochunguzwa walikuwa na nakala za ziada za jeni ya CYP2D6, hivyo miili yao huimaliza dawa upesi mno. Kwa upande mwingine, uchunguzi uliofanywa Zimbabwe katika miaka hiyo hiyo ulibaini aina ya jeni hiyo iliyoenea Afrika ambayo hufanya kazi kwa ulegevu. Watu wawili wanaweza kumeza kidonge kimoja, mmoja asisikie chochote na mwingine akalewa nacho.

Kisha ningefika penye miraa. Mwaka 2015 watafiti wa Ethiopia na Uswidi walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa kutafuna miraa hupunguza utendaji wa CYP2D6 mwilini. Fundi akizuiwa, dawa anayopaswa kuiondoa hurundikana. Na ikiwa dawa yenyewe ni ile inayomtegemea fundi ili iamke, mathalani kodeini ambayo hugeuzwa na CYP2D6 kuwa mofini, basi mgonjwa atameza na maumivu yake yabaki pale pale. Hata kabla ya kufika kwenye ini mambo huweza kuharibika: watafiti wa Yemen walionyesha mwaka 1997 kuwa miraa hupunguza kiasi cha ampisilini kinachoingia katika damu. Zaidi ya hayo, miraa na amitriptilini zote mbili huyagusa mapigo ya moyo.

Mpaka hapa ningekuwa nimezungumza juu ya ini tu. Lakini ugonjwa wa mjomba haukuwa wa ini. Ulikuwa wa kichwa, na hapa ndipo penye jambo ambalo, tangu nilisome, limenifanya niitazame upya lugha yetu.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa kazi ya kuzichakata dawa ni ya ini, na kwamba ubongo hupokea tu kile ambacho ini limekiachilia. Sasa yajulikana kuwa ubongo nao una vimeng'enya hivyo. Ukivijumlisha vyote ni haba mno. Kwa makadirio ya kawaida kiwango cha saitokromu P450 ubongoni ni kama asilimia 1 tu ya kile kilicho katika ini. Ila uchache huo ni wa kudanganya macho, kwa kuwa havikutawanywa sawasawa kama chumvi katika mchuzi. Vimejikusanya mahali mahali. CYP2D6 hupatikana katika serebela, ule ubongo mdogo wa kisogoni unaoongoza mizani ya mwili. Hupatikana katika hipokampasi, inayoshughulika na kumbukumbu. Na hupatikana katika sehemu nyeusi ya ubongo wa kati, ambayo seli zake zikifa mtu hupatwa na ugonjwa wa Parkinson, akatetemeka na kukakamaa. Katika seli fulani za neva kiwango cha kimeng'enya huweza kukikaribia kile cha seli ya ini. Kwa maneno mengine, ubongo ni kama mji wenye mitaa, na kila mtaa una mafundi wake.

Isitoshe, mafundi wa mitaani hawafuati daima amri za makao makuu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, akiwemo Rachel Tyndale, walichunguza bongo za watu waliokwisha kufariki na kubaini kuwa kimeng'enya CYP2B6 kilikuwa kingi zaidi katika baadhi ya sehemu za bongo za wavutaji sigara na walevi. CYP2D6, ambayo katika ini haiongezwi na sigara wala pombe, ilionekana kuwa juu katika bongo za watu wa namna hiyo. Funzo lake ni zito. Daktari anaweza kupima damu ya wagonjwa wawili, akakuta kiwango kimoja cha dawa, ilhali ndani ya vichwa vyao mambo yanakwenda njia mbili. Uchunguzi wa miraa niliotangulia kuutaja uliupima mwili kwa ujumla. Yanayotendeka katika mitaa ya ubongo wa mtafunaji ni swali ambalo watu wa Meru na Embu, kuliko watu wengine wengi duniani, wana haki ya kulidai jibu lake.

Anayedhani kuwa vimeng'enya vya ubongo ni jambo la vitabuni tu na akumbuke yaliyotokea California, Marekani, mwaka 1982. Vijana waliojidunga dawa ya kulevya iliyotengenezwa kienyeji walikakamaa ghafla kama wazee waliougua Parkinson miaka mingi. Ndani ya dawa ile mlikuwa na kemikali iitwayo MPTP. Kemikali hiyo yenyewe haikuwa sumu iliyowaua seli zao. Ilipofika ubongoni, kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidesi B kiliibadilisha ikawa sumu, na sumu hiyo ikaingia moja kwa moja katika seli za ile sehemu nyeusi na kuziangamiza. Fundi aliyewekwa kulinda nyumba ndiye aliyemfungulia mwizi mlango. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tuje katika uwanja wetu. Nimetumia neno kimeng'enya mara nyingi, na najua wapo wasomaji waliokunja nyuso. Istilahi hii imekuwamo katika vitabu na kamusi zetu za sayansi kwa miongo kadhaa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi yake ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kisha Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Hata hivyo, nikimwambia mtu wa Majengo kuwa ana vimeng'enya kichwani, atacheka na kuniuliza ubongo wake unameng'enya ugali gani. Kitenzi meng'enya kimekwisha kufungwa tumboni. Tena kina picha ya kuvunjavunja, ilhali tumeona kuwa kimeng'enya mara huvunja, mara hugeuza, mara huamsha kilicholala, na mara huzalisha sumu.

Wapo wanaosema kuwa dawa ya tatizo hili ni kukopa tu: tuseme enzaimu, yaishe. Siwalaumu, kwani lugha isiyokopa hufa maskini. Ila neno enzaimu halimwambii mjomba lolote. Ni mlango uliofungwa wenye rangi mpya. Maoni yangu ni kuwa kimeng'enya kibaki, ila kisiachwe kisimame peke yake. Tukifuatishe kitenzi kinachokifafanua. Kitenzi chakata, ambacho siku hizi kinatumika kwa mazao na hata kwa habari, chafaa sana: vimeng'enya vya kuchakata dawa. Kuchakata si lazima kuwe kuvunja. Mkonge huchakatwa ukatoa uzi. Kitu kinaingia kikiwa hivi na kutoka kikiwa vile, kwa faida au kwa hasara. Mjomba angelielewa hilo bila kamusi.

Tena Kiswahili kina hazina nyingine ambayo hatujaifungua. Sisi husema mtu amenikata maini, au maini yamenikatika, tukimaanisha huzuni kuu. Wazee waliotuachia usemi huo waliyaweka majonzi katika ini. Wanasayansi nao, kwa njia yao, wameikuta sehemu ya kazi ya ini ndani ya ubongo, makao ya majonzi hayo. Sisemi kuwa wahenga walijua habari za saitokromu. Huo ungekuwa uongo wa kujipendekeza. Nasema tu kwamba mwalimu mwenye kuijua lugha yake ana pa kuanzia. Anaweza kumwambia mgonjwa, "Mzee, kichwani nako una ini dogo, nalo lina kazi yake." Picha hiyo si sahihi kwa asilimia mia, lakini ni ya kweli kuliko kimya changu cha siku ile kwenye benchi.

Watu wetu si wajinga wa kemia. Muulize mchuuzi yeyote wa miraa kwa nini kibunda hufungwa kwa majani ya mgomba na kwa nini magari ya Maua hukimbizwa vile. Atakwambia kuwa miraa ya juzi si miraa tena. Mkemia atasema jambo lilo hilo kwa maneno mengine: kathinoni, iliyo kiini cha nguvu ya miraa, hugeuka jani linaponyauka ikawa kathini, iliyo dhaifu zaidi. Mwilini nako, ini huishika kathinoni hiyo na kuigeuza kuwa norefedrini. Mchuuzi anayejua kuwa jani hubadilika likilala hana mbali pa kwenda ili ajue kuwa dawa nayo hubadilika ikipita mwilini. Hata hali ya kuchangamka baada ya kutafuna ameitafutia jina, handasi, bila kusubiri baraza lolote la istilahi. Kinachokosekana ni daraja, na sisi ndio mafundi wa madaraja ya lugha.

Mwezi Mei mwaka 2024, kaunti za pwani zikiwemo Mombasa na Kilifi zilipopiga marufuku muguka, nchi nzima ilijadiliana kwa Kiswahili. Mahakama Kuu ya Embu ilisitisha marufuku hiyo, viongozi wakakutana Ikulu, wakulima wa Mbeere wakalalama. Nilisikiliza redio kwa makini. Nilisikia Kiswahili fasaha cha mali, cha sheria, cha ushuru na cha siasa. Kiswahili cha ubongo nilikisikia kwa nadra mno. Upande mmoja ulisema muguka unaharibu vijana, upande wa pili ukasema ni zao kama chai. Mjadala ukabaki kuwa kelele baina ya ndiyo na la, kwa sababu maneno yaliyo kati ya ndiyo na la hayakuwapo.

Najua pingamizi litakalotolewa na wenzangu wa fasihi: haya ni ya Kitivo cha Tiba, yatuhusu nini sisi wa riwaya na ushairi? Jibu langu ni kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo, katika kifungu cha 8, yataka mgonjwa aelezwe hali yake, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Daktari aliyesoma biolojia na kemia yote kwa Kiingereza atayatoa wapi maneno hayo? Sheria imempa wajibu, haijampa msamiati. Msamiati ni deni letu. Nasi tuliofunzwa kuichambua sitiari ndio tunaojua ni sitiari ipi itamfikisha msikilizaji na ni ipi itampoteza.

Kwa hivyo napendekeza mambo matatu, yote yakiwa ndani ya uwezo wa chama cha wanafunzi kisicho na fedha. Kwanza, kila mwaka wanachama wachache waungane na wanafunzi wa uuguzi na famasia, waandike kwa pamoja karatasi za ukurasa mmoja mmoja: dawa hii yaenda wapi, yabadilishwa na nini, yagombana na nini. Pili, tasnifu zetu za istilahi ziache kuhesabu maneno yaliyomo kamusini tu, zikayapime maneno hayo sokoni, msikitini, kanisani na kwenye vibanda vya miraa. Istilahi isiyoeleweka Majengo irudishwe kiwandani. Tatu, jarida hili litenge ukurasa wa kudumu wa sayansi kwa Kiswahili, na uhariri wake uwe mkali kama ule wa mashairi.

Wala mtu asinielewe vibaya. Sikuandika haya ili yeyote aache dawa au aikate nusu kwa kusoma ukurasa mmoja. Aliye na shaka amrudie daktari wake, na anayetafuna amwambie waziwazi kuwa anatafuna. Kuuliza si ujinga. Ila ili mtu aulize, yampasa awe na maneno ya kuulizia. Na ili ajibiwe, yampasa mjibu awe nayo vilevile.

Mjomba sasa amerudi barabarani, anaendesha. Majuzi nilipomtembelea nilimsimulia habari hii ya ini dogo la kichwani, na mitaa ya ubongo, na mafundi wake. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanitazama kwa muda. "Mpwa wangu," akaniambia, "mbona hukuniambia hivi siku ile?" Sikuwa na jibu. Ndugu msomaji wa Kiswahili, swali hilo ni lako pia.